Mafuta, Nishati na Mbono: Uhakiki wa Istilahi za Fueli Itokanayo na Mazao

Fani ya kuendesha mitambo kwa mazao ya shamba si ngeni kama wengi wanavyodhani. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Bei ya petroli ilipopanda ghafla mwaka 1973, nchi nyingi zisizo na visima ziliukumbuka ujuzi huo. Brazili ilianzisha mpango wa taifa wa spiriti ya miwa mwaka 1975. Malawi ikaanza kuchanganya spiriti ya molasi na petroli mwaka 1982. Na Kenya nayo ikafanya hivyo katika muongo huohuo kwa spiriti iliyokenekwa Muhoroni. Hapa Tanzania jambo hili lilishika kasi baadaye sana. Kikosi kazi cha taifa kiliundwa mwaka 2006, na mwongozo wa serikali ukatolewa mwaka 2010, wakati ambapo baadhi ya mashamba makubwa yaliyokusudiwa kazi hiyo yalikuwa yamekwisha kupimwa, na mengine yamekwisha kuachwa.

Kasi hiyo ndiyo iliyotuletea istilahi tulizo nazo. Mihtasari, vipeperushi, maelezo ya mikutano ya vijiji na ripoti za wilaya ziliandikwa na watu waliokuwa na haraka, kila mmoja akishika neno lililokuwa karibu na mkono wake. Hivyo twakuta dhana moja ikiitwa bayofueli, nishati ya mimea, nishatimimea, mafuta ya mimea na hata nishati uoto. Makala haya hayakusudii kuorodhesha majina hayo na kuchagua lililo zuri kwa sikio. Yanakusudia kuonyesha kwamba baadhi yake ni mabovu kwa maana, na kwamba ubovu huo umekuwa na gharama kwa watu ambao hawakushirikishwa katika kuyaunda.

Na tuanze na nishati, kwa kuwa ndilo lililoenea zaidi. Kila mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kwamba nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Nishati haishikiki wala haimiminiki. Hupimwa kwa jouli, si kwa lita. Kitu kinachochomwa ili uwezo huo utoke ni kitu kingine, nacho chahitaji jina lake. Mfasiri anayetaka kuona tofauti hii ina uzito gani na ajaribu kutafsiri ukweli mmoja mdogo ambao kila mtaalamu wa fani hii huutaja: kwamba spiriti, kwa ujazo uleule, hutoa joto dogo kuliko petroli. Akiwa na neno nishati peke yake atalazimika kuandika kwamba lita moja ya nishati ya mimea ina nishati pungufu kuliko lita moja ya nishati ya petroli, na msomaji atamwona amechanganyikiwa. Akiwa na neno fueli ataandika bila ya taabu: lita moja ya fueli ya miwa ina nishati ipatayo theluthi mbili ya ile iliyomo katika lita moja ya petroli. Istilahi isiyoweza kubeba sentensi ya kawaida ya fani yake haifai, hata ikiwa imepigwa mihuri mingapi.

Patakuwapo watakaosema kwamba tumechelewa, kwani umma umekwisha kuzoea kusema nishati. Watautaja Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, ambao umelifikisha neno hilo hadi kwa mama lishe. Hoja hiyo haina nguvu. Katika mkakati huo neno nishati limetumika mahali pake, maana linajumlisha gesi, spiriti na pia umeme, na umeme si fueli. Panapotakiwa jina la jumla la aina hiyo, nishati ndiyo hasa. Kosa ni kulishusha jina la jumla likae mahali pa kitu mahususi, kisha kukosa la kulijaza pengo lililoachwa juu. Majirani zetu wa Kenya, ambao mara nyingi husema kawi palipo na nishati kwetu, nao hawaepuki haja ya kuwa na neno la pili.

Fueli ni neno la kutohoa, na najua kwamba wapo wasomaji wa kurasa hizi wasiopenda utohozi mpaka mizizi ya Kibantu na Kiarabu iwe imekauka. Lakini tulipotafuta neno la asili tulikutana na kuni, na kuni haiwezi kupanuliwa imiminike katika tangi. Tulikutana pia na mafuta, na hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Mafuta katika Kiswahili ni neno lenye watoto wengi. Yapo mafuta ya kula, mafuta ya kujipaka, mafuta ya nyama, mafuta ya taa, mafuta ya gari. Mtu husema amekwenda kununua mafuta, na asiyejua kama amebeba chupa, kopo au dumu hajui amekwenda duka gani. Lugha yenyewe imeitatua shida hiyo kwa njia ya busara: hutaja kazi ya mafuta, si asili yake. Mafuta ya taa huitwa hivyo kwa sababu huwashia taa, na hakuna aliyejali yametoka katika mwamba gani. Sasa tazama mafuta ya mimea. Istilahi hii imeacha desturi hiyo na kutaja asili peke yake, na asili hiyo ni ileile ya mafuta ya alizeti, ya ufuta, ya nazi na ya mawese, ambayo sisi sote tunayala. Katika lebo za vyakula, mafuta ya mimea ni mafuta ya kukaangia. Katika ripoti za fani hii, mafuta hayohayo ni ya kuendeshea trekta. Tena si kweli kwamba kila fueli ya namna hii ni mafuta: ile ya miwa na ya muhogo ni spiriti, haina ndugu na mafuta isipokuwa tangi. Wabrazili waliliona jambo hili, wakaandika katika pampu zao kwamba kinachouzwa ni alkoholi, na ndivyo walivyoendelea kuandika kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kugeukia jina la kikemia la ethanoli.

Kwa hiyo napendekeza fueli kuwa shina. Chini yake iwepo spiriti ya fueli, au ethanoli kwa wanakemia, na iwepo dizeli ya mimea kwa ile inayotokana na mbegu za mafuta zilizokamuliwa na kusafishwa kwa kemikali ili iwe nyepesi kiasi cha kufaa injini. Mafuta ghafi ya mbegu yabaki kuitwa mafuta, pamoja na jina la mbegu yake.

Limebaki neno mimea, nalo lina siri. Mimea ni kila kiotacho. Mwananchi aambiwapo kwamba gari litaendeshwa kwa mimea, huona akilini majani, magugu na vichaka, vitu ambavyo havina mwenyewe na vikikatwa havimpunguzii mtu tonge. Lakini mahindi ni mazao. Miwa ni mazao, muhogo ni mazao, michikichi ya Kigoma ni mazao. Nchini Marekani zaidi ya theluthi moja ya mahindi yote huenda katika viwanda vya spiriti, na bei ya vyakula duniani ilipopanda mwaka 2007 na 2008, jambo hilo lilitajwa miongoni mwa sababu, ingawa wachumi hawakukubaliana juu ya uzito wake. Huko Ulaya na Amerika ya Kusini waliopinga mashamba hayo walikataa hata jina lenye kiambishi cha uhai, wakidai kiwekwe cha kilimo. Si lazima tuingie katika ugomvi wao. Lakini yafaa tukumbuke kwamba sisi tuna jozi ya istilahi ambayo kila bwana shamba anaijua na kila mkulima anaielewa: mazao ya chakula na mazao ya biashara. Waraka unaosema fueli ya mazao humlazimisha msomaji aulize swali linalostahili kuulizwa, yaani mazao yapi na yalikuwa ya nani. Waraka unaosema nishati ya mimea humlaza usingizi. Napendekeza basi kwamba mimea itumike pale ambapo malighafi si zao la kulimwa, na mazao pale ilipolimwa.

Niruhusiwe kusema neno moja la pembeni juu ya tungamotaka. Istilahi hii imekusudiwa kujumlisha kuni, mkaa, samadi, makapi ya miwa na vitu vya viumbe hai vinavyoweza kuchomwa. Tungamo ni istilahi nzuri ya fizikia. Lakini nani aliyesema kwamba kuni ni taka? Mama aliyekwenda mwendo wa saa mbili kutafuta mzigo mmoja hawezi kukubali. Taka ni kile kilichotupwa, na jina hilo limekiingiza katika jalala kitu ambacho bado ndicho tegemeo la jiko katika nyumba nyingi za vijijini. Tungamohai lingeleta dhana bila ya tusi.

Sasa nije kwa mbono, ambako madhara ya istilahi mbovu hayahitaji kutafutwa kwa tochi.

Mmea ambao wanabotania huuita Jatropha curcas asili yake ni Amerika ya Kati, nao umekuwapo katika nchi zetu kwa muda mrefu kiasi cha kupewa jina la hapa na kazi ya hapa. Jina lake kamili ni mbono kaburi. Hushika upesi ukichomekwa tawi, hustahimili ukame, na mifugo haiuli. Kwa sababu hizo ulipandwa makaburini na katika mipaka ya mashamba, ukawa alama na ua kwa pamoja. Angalia basi kiasi cha elimu kilichomo katika jina hilo la maneno mawili. Linamwambia mtu mahali mmea unapokaa, linamkumbusha kwamba si wa kuliwa, na linadokeza kwamba palipo nao pana wenyewe.

Kampeni za kuupanda zilipopamba moto, jina hilo lilipata misiba miwili. Katika maandishi ya kitaalamu likabadilishwa kuwa jatrofa, neno lisilomwambia mkulima lolote. Katika vipeperushi na mikutano likakatwa mkia: kukawa na kilimo cha mibono, bila ya kaburi. Naelewa kwa nini. Hakuna mfanyabiashara atakaye kuuza miche yenye kaburi katika jina lake. Lakini mbono peke yake, katika sehemu nyingi, ni jina la mmea mwingine, yaani mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja, yote miwili ina mbegu zenye mafuta mengi, na yote miwili ina sumu. Lakini sumu zao hazikai mahali pamoja, na hapo ndipo penye hatari.

Sumu ya mbarika, iitwayo risini, haiyeyuki katika mafuta. Mbegu zikikamuliwa vizuri hubaki katika makapi, na ndiyo sababu mafuta ya nyonyo yamekuwa yakinywewa vizazi na vizazi kama dawa ya kuharisha, na kupakwa nywele. Sumu kubwa ya mbono kaburi ni ya aina nyingine: huyeyuka katika mafuta na hutoka pamoja nayo. Mafuta yake yafaa kwa sabuni, kwa taa na kwa injini. Si ya kunywa. Basi mtu aliyelelewa akijua kwamba mafuta ya mbono ni dawa ya tumbo, akapewa dumu la mafuta yaliyoandikwa mafuta ya mbono kutoka mashine ya kijiji, afanye nini? Lugha imemdanganya kwa neno alilolijua tangu utotoni. Nashikilia kwamba istilahi sanifu hapana budi iwe mbono kaburi kwa huu, na mbarika kwa ule mwingine, na kwamba mbono bila ya kijalizo isitumike kabisa katika maandishi yoyote ya kilimo, afya au viwanda. Kama neno kaburi lapunguza wanunuzi, na lipunguze.

Ipo istilahi nyingine iliyosafiri pamoja na mbono, ambayo haikuonekana kuwa istilahi hata kidogo: ardhi isiyotumika. Hoja kubwa ya wenye mashamba ya fueli ilikuwa kwamba zao hili halitashindana na chakula, kwa kuwa litapandwa katika ardhi duni na isiyotumika. Kwa upande wa kilimo ahadi hiyo haikutimia, kwani mmea unaostahimili ukame si lazima uzae katika ukame, na mibono iliyopandwa katika ardhi duni ilitoa mbegu duni kwa uchache. Lakini mimi si bwana shamba, na swali langu ni la maneno. Isiyotumika na nani?

Katika Kiswahili cha kijijini yapo majina mengi ya ardhi ambayo kwa macho ya mgeni haina mtu. Lipo pori, ipo nyika, yapo malisho, lipo shamba lililoachwa lipumzike, na yapo mahame, yaani mahali palipokuwa na makazi yakahamwa. Kila moja ya majina haya hutaja uhusiano fulani wa watu na ardhi. Porini huning'inizwa mizinga ya nyuki, hutafutwa dawa, hukatwa ukindu na fito. Mahame yana miembe ya mababu na makaburi yao, na juu ya makaburi hayo, pengine, yamesimama mabono kaburi yenyewe. Mfasiri aliyeyafunika haya yote kwa maneno isiyotumika hakutafsiri, alifuta.

Kufuta huko kuna matokeo ya kisheria. Sheria mbili za mwaka 1999, ile ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji, zote hueleza ardhi ya jumla ni ipi, lakini hazielezi sawasawa. Ya kwanza hujumuisha katika ardhi ya jumla hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ya pili haina kifungu hicho cha maneno. Wanasheria wamejadiliana sana juu ya pengo hilo, nami sina la kuwaongezea. Ila ofisa wa wilaya anayeandika katika muhtasari kwamba eneo fulani ni ardhi isiyotumika, akidhani ameeleza tu namna lilivyo, ameandika maneno ya sheria. Amelisogeza eneo hilo hatua moja kuelekea nje ya kijiji.

Kilichofuata Kisarawe na Kilwa kinajulikana. Huko Kisarawe zaidi ya hekta 8,000 za vijiji kadhaa zilihawilishwa kwa ajili ya mibono, na kampuni iliyozipata ikasimamisha kazi mwaka 2011. Malalamiko ya wanavijiji yaliyochapishwa wakati ule yalitaja, pamoja na fidia, maji na makaburi. Huko Kilwa shughuli za shamba kubwa zaidi zilikuwa zimekoma kufikia mwaka 2010. Katika sehemu zote mbili wenyeji waligundua kwamba ardhi iliyohawilishwa hairudi kijijini kwa sababu tu aliyeichukua ameondoka. Na hapa pia neno lina sehemu yake. Kuhawilisha ni kitenzi cha sheria. Maana yake ni kuhamisha ardhi kutoka aina moja kwenda nyingine, na ikisha kuhama imehama. Mwanakijiji asiye na kitenzi hicho katika msamiati wake alielezwa, au alijielezea mwenyewe, kwamba ardhi inakodishwa, na cha kukodi hurudi. Kamusi zetu zina wajibu wa kuyatenga maneno haya mawili kwa ukali kuliko zinavyofanya, na mhutasari wowote wa mkutano wa kijiji unaotumia kukodisha pale panapohusika kuhawilisha ungepaswa kurudishwa ukaandikwe upya, sawasawa na ule wenye kosa la hesabu.

Baadhi ya wenzangu katika kazi hii hushikilia kwamba baraza la lugha halina shughuli na mambo ya ardhi, na kwamba kazi yetu ni kutoa istilahi zinazolingana, zenye ufupi na zinazotamkika. Ufupi ni sifa njema. Mbono ni fupi kuliko mbono kaburi.

Nimeacha mashudu nyuma kwa makusudi, kwa sababu ni neno zuri na sitaki liguswe bila ya haja. Mashudu ni masalio ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, na mfugaji wa Singida au wa Shinyanga hulijua kwa maana moja tu: chakula cha ng'ombe. Mashudu ya alizeti hulisha, mashudu ya pamba hulisha. Katika maana ya kiwanda, masalio ya mbono kaburi nayo ni mashudu, lakini sumu imo ndani yake. Kazi yake ni mbolea, nayo ni mbolea nzuri. Wataalamu wa viwanda wangependa neno lienezwe lichukue masalio yote. Wafugaji wamekwisha kulifunga katika hori. Kwa maoni yangu wafugaji wapewe haki yao. Mashudu yabaki kuwa kitu kinacholiwa na mnyama, na masalio ya mbono kaburi na ya mbarika yaitwe makapi, neno ambalo halimwalika mtu kumwita mbuzi. Pendekezo hili lastahili kufikishwa kwa mabwana mifugo kabla ya kuingizwa katika orodha yoyote ya istilahi sanifu, kwa kuwa magunia ya masalio haya yakiuzwa, hayaji na kamusi.